Mkate wa Maulidi ya Jadida

Mwanangu Raya,

Salamu zangu na radhi zangu zikutangulie huko uendako, zifike kabla ya sanduku lako. Utashangaa kuona nimekuandikia kwa herufi za chuoni, hizi za Kiarabu, na wewe umesoma skuli na za Kizungu unazisoma mbio. Nina sababu yangu. Nitakwambia mwishoni, na nakuomba usiruke ukenda kuitafuta.

Hivi sasa Alasiri imeshaswaliwa. Nimo kwenye banda la ng'ombe, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, karatasi iko juu ya goti. Nyumbani hapakaliki. Fungate yako imekwisha, kesho asubuhi jamaa za mumeo wanakuja kukuchukua kukupeleka Kisiwa Panza, na kila mwanamke wa Wingwi ana kitu cha kufunga au kufungua mle ndani. Nikitia kichwa mlangoni naulizwa natafuta nini. Ng'ombe hawaniulizi, basi nimehamia kwao. Nikimaliza kuandika nitakupa barua mkononi kabla ya Magharibi.

Sitakuandikia namna ya kuishi na mume, wala namna ya kuwaamkia wakwe, wala saa ya kuamka. Hayo shangazi zako na somo wako wamekufundisha siku saba mfululizo, na najua masikio yamekuchoka. Tena mimi si mtu wa kukufundisha hayo. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka mitano. Ni habari ya ile sufuria ya mama yako iliyoangikwa ukutani jikoni, mdomo umeelekea ukuta.

Unakumbuka ilivyokuwa kabla. Sufuria ile ilikuwa haipoi. Kaskazini yote hii, mtu akiwa na harusi, hitima au maulidi, kwanza huulizwa kama Bi Time ameshaambiwa habari ya mkate wa kumimina. Mama yako akiloweka mchele tangu asubuhi, jioni akautwanga, akaukoroga na tui zito na sukari na iliki, akauacha uumuke, na alfajiri akaumimina kwenye sufuria, moto chini, moto juu. Wapo wanaoumua kwa tembo la mnazi, hilo unalijua. Mama yako hakukubali hata lile tembo tamu la asubuhi ambalo watu wanasema halina neno. Akisema kitu kinachokwenda kuliwa mahali anaposaliwa Mtume hakitaki mambo ya halina neno. Yeye ni hamira ya dukani tu, na hata hiyo akiinusa kwanza kabla ya kuitia.

Kazi ya kuufikisha mkate ilikuwa yangu. Kwenye gari hakuutia hata siku moja, kwa sababu gari la Wete lilikuwa likibeba watu, mbuzi na magunia ya karafuu pamoja, na kwa mashimo ya njia ile ungefika makombo. Akinitilia kwenye tenga, juu ya majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni yakawa laini, kisha akaufunika kwa kawa la ukindu, nami nikalifunga tenga nyuma ya baskeli kwa kamba za usumba. Na kila safari akinisomea masharti yale yale: nisiufunge kubana, kwa sababu mkate wa nazi ukitoka motoni unapumua, nikifika kivulini niinue kawa, na nisitue njiani. Nikimjibu nimesikia, na nilikuwa nasikia kweli, maana kwa miaka minane sikuwahi kufikisha mkate ulioharibika.

Safari nyingine nilikuwa nikikupandisha na wewe, mdogo bado, unakaa mbele kwenye chuma cha baskeli. Ulikuwa ukiniomba nifungue kidogo tu. Nikikwambia mkate unapumua, na wewe tukishafika ulikwenda ukaweka sikio kwenye tenga, ukaniambia ni kweli, unausikia. Nadhani sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyokupenda ukiwa umeinama pale.

Sasa nikwambie kitu ambacho mwanamume hapendi kukisema. Nilikuwa nikiona uchungu. Popote nilipofika niliitwa mume wa Time. Watu walinipokea kwa furaha, wakanishika mkono, na macho yao yako kwenye tenga. Nilijivuna, sikatai, lakini mtu anaweza kujivunia kitu na kukionea wivu siku moja ile ile. Huko uendako, ukiona mumeo anakuwa mkimya pale wewe unaposifiwa, usidhani hakupendi. Lakini pia usiache kusifiwa kwa ajili yake.

Siku ya maulidi ya Jadida, pale Wete, kwa yule shehe jamaa ya mama yako, ilikuwa mikate mitano mikubwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikwenda Wete kwa gari pamoja na mama yako, mkasaidie kazi za pale. Mimi nilitoka na baskeli asubuhi, mikate ingali ya moto. Nilitakiwa nifike kabla ya Adhuhuri, niifunue, ipumzike kivulini, na maulidi yenyewe yalikuwa baada ya Alasiri. Nafasi ilikuwapo tele.

Kabla sijafika Kinyasini nikasikia zumari. Watu walikuwa wanatengeneza uwanja wa mchezo wa ng'ombe. Ningepita, Wallahi ningepita, lakini mtu mmoja akaniita akaniambia leo anachezwa Ngurumo. Ngurumo unamkumbuka, yule ndama uliyekuwa ukimpa maganda ya ndizi hapa hapa bandani, nikamuuza mwaka mmoja kabla. Nikasema nitasimama nimwone akiingia tu. Nikaegemeza baskeli kwenye mnazi. Vumbi lilikuwa limeanza kutimka, basi nikalikaza kawa kwa kamba, nikalibana kila upande. Na kivuli cha mnazi unakijua, hakikai na mtu.

Ngurumo hakuletwa mpaka Adhuhuri imepita. Nikamsubiri. Alipoletwa nikasubiri tena, kwa sababu alicheza vizuri, akawarusha vijana watatu, na mimi nilitaka niwasikie watu wakiulizana ng'ombe huyu kalelewa na nani. Ndilo nililolingoja, mwanangu, si jingine. Na walipouliza, aliyejibu ni mmoja tu, akasema huyo wa Faki wa Wingwi, na huyo mmoja nilikuwa nimeshampa tumbaku yangu.

Nilipogutuka, kivuli kilikuwa kimehama zamani na tenga liko juani. Nikaipiga baskeli kama mtu anayefukuzwa. Nafika Jadida, watu wamesimama wanamsalia Mtume. Nikafungua kamba uani peke yangu, nikainua kawa, harufu ikanijia. Ilikuwa harufu ya tui lililochacha, na tui likichacha pamoja na sukari na hamira hunuka tembo. Hakuna Mpemba asiyeijua harufu ile. Nilijua pale pale. Ningeweza kumwita mama yako uani nikamwambia mikate imeharibikia mkononi mwangu. Angenipa maneno ya siku tatu, watu wangekula halua na kahawa, na mwezi wa pili yake tungelicheka jambo lenyewe. Badala yake niliipanga kwenye masinia, nikaipeleka mlango wa wanawake, nikajiambia pengine hawataisikia.

Mlango ule ulikuwa na pazia tu, kwa hivyo nilipokaa barazani na wanaume niliweza kusikia ya ndani. Nikasikia kisu kikikata mkate. Kisha ikaja sauti ya mama yake shehe, yule bi mkubwa ambaye watu walikuwa wakimwogopa hata akikohoa.

"Time, nkate huno umeumua kwa n'ni?"

Mama yako akajibu kwa hamira. Bi mkubwa akasema hamira hainuki hivi, na humu ndani ametoka kusaliwa Mtume sasa hivi. Nikasikia watu wanasogeza sahani. Mama yako hakubisha wala hakupandisha sauti. Alisema tu aulizwe baba Raya kama mkate umekawia njiani. Na wewe ndiye uliyetumwa.

Ulitoka na gauni lako la kijani, ukasimama mbele yangu na mbele ya wanaume wote wa baraza ile.

"Baba, mama kauliza, umekuja moja kwa moja?"

Shehe alikuwa ananitazama. Wanaume wa Wete walikuwa wananitazama, na kwenye kanzu yangu lilikuwapo vumbi la uwanja wa ng'ombe ambalo hakuna aliyelijua ni la wapi.

"Nimekuja moja kwa moja," nikakwambia.

Ukarudi ndani, nikakusikia ukilisema neno langu vile vile nilivyolisema, kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa kusema kweli. Hii ndiyo dhambi yangu, Raya. Uongo niliusema mimi, lakini niliufikisha kwa kinywa chako, na wewe hukujua umebeba nini.

Mama yako aliikusanya mikate yote, hata vipande vilivyokwisha kukatwa, akaomba radhi kwa kila mtu, akavirudisha tengani. Nyumbani akaanza kujitafutia kosa. Sufuria aliisugua kwa mchanga na jivu siku tatu. Akasema labda katika zile nazi moja ilikuwa mbovu. Nikasema labda. Akasema labda hamira ilikuwa ya zamani, pua yake imemdanganya. Nikasema labda. Wiki nzima alikuwa akinifungulia mlango bila ya mwenyewe kujua, na mimi wiki nzima nikijibu labda. Siku ya nane akaiangika sufuria, mdomo akauelekeza ukuta, akakwambia mikono yake imechoka.

Ya skuli unayajua kuliko mimi. Mama yako alishapewa jina, Time wa Tembo, na jina baya halihitaji baskeli. Ulirudi siku moja mkono wa gauni umechanika, umepigana na wenzako waliokuwa wakikuimbia. Nikakuchapa kwa kupigana. Ulipokwisha kulia ukaniuliza kama ni kweli mama alitia tembo. Nilitakiwa niseme hapana, basi, ingetosha. Nilikwambia maneno ya watu yaache. Nikaona usoni mwako kwamba umeshapata jibu lako, na si la kweli, na nikakuacha ukaenda nalo.

Tangu siku ile hukumwomba mama yako mkate tena. Na mwezi uliopita, tulipokaa kupanga nikaha yako, ni wewe uliyesema mkate wa kumimina tuuagize kwa Bi Hidaya. Hukusema kwa ubaya. Mama yako akaitikia haya, akaendelea kuchambua mchele wake. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yenu nimeinamisha kichwa. Usijilaumu kwa hilo hata kidogo. Ulifanya kwa uliyoyajua, na uliyoyajua niliyapika mimi.

Siku hizi, tangu siasa iingie na watu wawe hawaalikani hata kwenye hitima, wageni wanadhani mama yako haendi kwa watu kwa sababu ya vyama. Mimi huwaacha wadhani hivyo. Mtu akishazoea kujificha, kila kichaka humfaa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na kila siku nikiamka naikuta imeongezeka. Nilijaribu kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na homa. Mara ya pili alikuwa anacheka, nikaona haya kumkatiza, maana vicheko vyake vimekuwa haba. Mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote. Alikaa akanisubiri niseme nilichomwitia, nikamuuliza kama chumvi ipo.

Kama kuna kitu nataka uondoke nacho kwangu ni hiki, na nakupa kwa kuwa mimi sikuwa nacho. Ukimkosea mumeo, mwambie siku ile ile, hata kama watu wapo. Kosa la siku moja mtu hukasirika nalo, likaisha. La miaka mitano humfanya ajiulize alikuwa akiishi na nani muda wote huo. Mimi nilidhani namlinda Faki mbele ya wanaume wa Wete. Wanaume wenyewe leo siwakumbuki hata majina, na sidhani kama wao wanalikumbuka langu.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya jana asubuhi. Nilipita jikoni nikamkuta mama yako ameiangua sufuria. Ameiosha, ameipaka mafuta, ameipakata. Nikamuuliza kama anataka kupika. Hakuinua macho.

"Nlitaka ntoto ende na nkate wangu," alisema. "Basi tu. N'sije n'kamwaibisha kwa watu wa Panza."

Akasimama akaiangika tena pale pale. Nikaja huku bandani nikalia, na si haba. Mwanamke ambaye hakuwahi kuniharibia kitu anaogopa mikono yake mwenyewe, na ninaujua ugonjwa huo nani aliyemtia.

Ijumaa nitakwenda Jadida. Shehe yu hai, nitamwambia baada ya swala, palipo na watu, kwa sababu na uongo niliusema palipo na watu. Mama yake alifariki mwaka jana. Ameondoka duniani akiamini Time alimlisha mkate wa tembo siku ya maulidi, na kwake yeye sina baskeli ya kunifikisha. Hilo nitakwenda nalo mwenyewe mbele ya Mola.

Na sasa habari ya herufi. Mama yako hazijui za skuli. Za chuoni anazisoma, polepole, kwa kidole, na akifika mwisho wa mstari hurudi nyuma kuhakikisha. Barua hii ni yako kwanza, kwa sababu wewe ndiye niliyekutwika uongo wangu ukiwa mtoto. Lakini ukimaliza, usiondoke nayo. Iangue ile sufuria, uitie ndani, umpe. Mwanamume kamili angemwambia kwa mdomo, najua, na wewe unaweza kunidharau kwa hilo. Kalamu ndiyo ujasiri niliojaaliwa.

Sijui atasema nini. Akinifukuza, nitalala hapa hapa na ng'ombe. Akinyamaza, kimya chake nitakuwa nimekistahili. Na wewe, mwanangu, radhi zangu unazo tangu ulipozaliwa. Zako ndizo ninazoziomba, na sikuombi uzitoe leo.

Katika kona ya banda ipo ndoo imefunikwa. Leo alfajiri niliosha mchele pishi mbili nikauloweka mwenyewe, nikafua nazi nane, na hamira mpya iko mfukoni mwangu. Akikubali kupika, nitakuna nazi mimi. Na kesho nitaupakata mkate wake kwenye gari na kwenye chombo cha kuvukia, mpaka Kisiwa Panza, kawa liko wazi, bila ya kutua mahali. Watakaponiuliza mimi nani, nitawaambia mume wa Time. Asipokubali, mchele watakula ng'ombe, na hiyo pia ni haki yake.

Usije kuniita. Mwambie tu mchele umeshalowana.

Baba yako,
Faki